Maji ya Mgongo

Bibi yangu hajawahi kuchomwa sindano ya mgongo, na anasema hatachomwa mpaka anaingia kaburini. Anaishi Mwamapalala. Zamani anwani yake tuliiandika "Wilaya ya Bariadi, Mkoa wa Shinyanga", kisha mwaka 2012 ukazaliwa Mkoa wa Simiyu, ikazaliwa na Wilaya ya Itilima, na anwani ikabadilika wakati nyumba haijasogea hata hatua moja. Mgongo wake nao haujabadilika. Unauma tangu mimi niko shule ya msingi, na sasa nina miaka 34.

Ukimuuliza unaumaje, hakupi jibu moja. Asubuhi unakaza, kama kamba iliyoloa ikakaukia juani. Mchana, akiinama kwenye pamba, unachoma. Usiku unapwita. Siku nyingine maumivu "yanatembea": yanashuka mguu wa kushoto mpaka kwenye unyayo, yanakaa huko, halafu yanarudi kiunoni kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Amejaribu mizizi, ameumikwa chuku, amemeza vidonge vya duka la dawa mpaka tumbo likaanza kulalamika nalo.

Miaka sita iliyopita nilimpeleka hospitali moja kubwa mjini. Akapigwa picha ya eksirei. Daktari akaishika kwenye mwanga, akasema mifupa ni ya mtu wa umri wake, hamna kitu cha kutisha. Pale kwenye korido mhudumu mmoja akaniambia kwa sauti ya chini, ya kirafiki kabisa: "Kaka, hawa bibi zetu wakati mwingine wanataka tu kuonwa na wajukuu." Nikacheka. Na kwa aibu nasema, niliamini.

Msimu wa palizi uliofuata akanipigia simu kuomba hela ya vibarua, maana mgongo ulikuwa haumruhusu kuinama. Nikajiambia, yale yale. Picha si ilionyesha hamna kitu? Sikutuma. Akaenda kupalilia mwenyewe. Jioni binamu yangu alimkuta amelala kifudifudi katikati ya matuta, hawezi kugeuka. Alikuwa pale tangu saa sita mchana.

Kwa hiyo nilipoanza kusoma habari za watafiti wanaotafuta maumivu ndani ya maji ya uti wa mgongo, sikusoma kama mwandishi wa habari anayewinda stori. Nilisoma kama mtu mwenye deni. Nilitaka kujua kama kuna mahali popote, ndani ya mwili wa mtu kama Bibi, ambapo maumivu yameandikwa kwa namna ambayo hata mjukuu mbishi angeweza kuyasoma. Nilichokipata ni historia ndefu kuliko nilivyodhani, na sehemu yake moja imepita karibu sana na nyumbani.

Tuanze na maji yenyewe. Ubongo na ile kamba ya mishipa ya fahamu inayoshuka mgongoni vinaelea ndani ya maji maangavu, karibu mililita 150 kwa mtu mzima, yaani chini ya nusu ya chupa ya soda. Mwili huyatengeneza upya muda wote, kama nusu lita kwa siku, na kuyanyonya tena. Maji haya yanagusana na mishipa ya fahamu inayopokea na kupeleka taarifa za maumivu, hivyo yanabeba mabaki ya mazungumzo ya mishipa hiyo. Damu inapita kila mahali mwilini, inachukua habari za ini, za figo, za chakula cha jana. Maji ya mgongo yanakaa karibu zaidi na chanzo.

Mtu anayetajwa kwa kuyaeleza vizuri kwa mara ya kwanza ni daktari wa Napoli, Italia, aliyeitwa Domenico Cotugno. Mwaka ni 1764. Na kitabu alichoandika hakikuwa kitabu cha ubongo. Kilikuwa kitabu cha maumivu ya mshipa mkubwa unaotoka kiunoni na kushuka mguuni, yaani yale yale ambayo Bibi anasema "yanatembea". Niliposoma hilo nilisimama kidogo. Maji haya yaliingia katika maandishi ya tiba kupitia mgongo unaouma, miaka zaidi ya 250 iliyopita.

Lakini Cotugno aliyaona kwenye maiti. Kuyatoa kwa mtu aliye hai kulisubiri hadi mwaka 1891, pale Heinrich Quincke, daktari wa Kiel, Ujerumani, alipotumia sindano kuyapunguza kwa watoto wenye shinikizo kichwani. Njia yake ndiyo inayotumika mpaka leo. Sindano huingia chini kabisa kiunoni, kati ya pingili ya tatu na ya nne au ya nne na ya tano, na kamba ya mishipa ya fahamu kwa mtu mzima huishia juu ya hapo, karibu na pingili ya kwanza au ya pili. Pale sindano inapofika kuna maji na nyuzi za mishipa zinazoelea, ambazo kwa kawaida husogea zikiguswa.

Najua msomaji wa kwetu haamini. Mama yangu mdogo alijifungua kwa upasuaji, akachomwa sindano ya ganzi mgongoni, na tangu hapo kila kinachomuuma, hata jino, anasema ni ile sindano. Mtaani kwetu ukisema mgonjwa ametolewa maji ya mgongo, watu wanaanza kuulizana msiba utakuwa lini. Sababu moja ya imani hiyo inaeleweka: mara nyingi wanaotolewa maji ni wale walioshukiwa homa ya uti wa mgongo, wamefikishwa hospitali wakiwa hoi, na baadhi yao wanakufa. Sindano inabeba lawama ya ugonjwa. Lakini si uzushi mtupu pia. Sindano hii ina madhara yake, na aliyeyaeleza mapema ni mtu aliyeyapata mwenyewe.

Mwaka 1898, huko huko Kiel, August Bier alijaribu kutia kokeini kwenye maji ya mgongo ili kuzuia maumivu ya upasuaji. Akataka kuhakikisha, basi yeye na msaidizi wake August Hildebrandt wakajaribiana. Kwa Hildebrandt ganzi ilikubali. Bier akampiga muundi wa mguu kwa nyundo ya chuma, akamuunguza kwa sigara, na jamaa hakusikia kitu. Usiku wakasherehekea. Kesho yake Bier akaamka na kichwa kinachogonga, akilala kinatulia, akiinuka kinarudi, na ikamchukua siku kadhaa kitandani. Maji yalikuwa yamevuja kupitia tundu la sindano. Hildebrandt naye alipata maumivu ya kichwa, pamoja na miguu yenye michubuko. Yaani tangu mwanzo sindano hii imekuwa na sura mbili kuhusu maumivu: inaweza kuyafuta na inaweza kuyaleta.

Miaka minne baada ya hapo sindano ilifika kwetu, Ziwa Viktoria. Na hapa ndipo historia inapokuwa ya kwetu.

Kati ya mwaka 1900 na 1920 ugonjwa wa malale uliua watu zaidi ya 250,000 upande wa Uganda, hasa kando ya ziwa na visiwani. Mwaka 1901 madaktari wa hospitali ya Mengo, ndugu wawili Albert na Jack Cook, waliwatambua wagonjwa wa kwanza. Mwaka 1902 Royal Society ya London ikatuma tume Entebbe, na ndani yake kulikuwa na Mwitaliano kijana wa miaka 28, Aldo Castellani. Mwanzoni alidhani chanzo ni bakteria. Kisha, mwezi Novemba mwaka huo, akichunguza maji ya mgongo ya mgonjwa kwa hadubini, akaona kijidudu kinachojinyonganyonga: vimelea ambavyo mbung'o huvibeba. David Bruce, aliyefika Entebbe mwaka 1903, aliendeleza kazi hiyo, na baadaye wanaume hao na wafuasi wao waligombania nani apewe sifa. Majina ya wagonjwa ambao migongo yao ilitobolewa sikuyakuta kwenye masimulizi hayo.

Tangu siku ile maji ya mgongo yakawa hakimu wa malale. Mgonjwa wa hatua ya kwanza ana vimelea kwenye damu tu. Wa hatua ya pili vimelea vimeingia kwenye ubongo, na njia ya kujua ilikuwa ni kutoboa mgongo. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni rahisi kukikumbuka: ukikuta vimelea, au seli nyeupe zaidi ya 5 kwa mikrolita moja ya maji, ni hatua ya pili. Na jibu hilo liliamua utapewa dawa gani. Kwa miaka mingi dawa ya hatua ya pili ilikuwa melasoproli, iliyopatikana mwaka 1949, ambayo ina sumu ya aseniki ndani yake. Kuipokea mshipani kulikuwa mateso, na iliua takriban wagonjwa 5 kati ya kila 100 waliochomwa. Kabla yake, mwaka 1906 na 1907, Robert Koch alikuwa amewapa wagonjwa wa visiwa vya Ssese dawa nyingine ya aseniki, na baadhi yao wakapofuka.

Sasa sogea kusini mashariki ya ziwa. Mwaka 1922 malale ililipuka mashariki ya Mwanza, katika eneo la Maswa. Wakati huo Maswa ilikuwa wilaya kubwa iliyobeba pia Bariadi yetu na utemi wa Itilima. Lyndhurst Duke akatoka Uganda kuja kuuchunguza mlipuko huo. Charles Swynnerton, mkuu wa idara ya wanyamapori ya Tanganyika, akaja kuangalia upande wa mbung'o. Wote wawili walichapisha ripoti zao mwaka 1923, na mwaka huo huo aina ya mbung'o wa huku ikatambuliwa kuwa ya pekee, ikapewa jina la Swynnerton. Yaani kuna mdudu wa pori la kwetu ambaye hadi leo anaitwa kwa jina la Mwingereza aliyefariki kwa ajali ya ndege mwaka 1938.

Kilichofuata wazee wanakikumbuka kwa neno moja: kufyeka. Katika miaka ya 1920 Swynnerton alikusanya maelfu ya Wasukuma, kupitia amri za watemi, kukata na kuchoma pori la Shinyanga ili mbung'o wakose kivuli. Katika maeneo mengine ya Tanganyika watu walihamishwa na kukusanywa kwenye makazi ya malale. Bibi anasema baba yake alikuwa kijana katika kufyeka, na kwamba wengi walirudi na mgongo mbovu. Hilo siwezi kulithibitisha kwenye ripoti yoyote. Nalileta kwa sababu anayelisema ana mgongo.

Wanahistoria waliokuja baadaye walitusaidia kuuliza swali ambalo ripoti za 1923 hazikuliuliza sana: kwa nini pori lilikuwa pale? John Ford, aliyefanya kazi ya mbung'o kwa miaka mingi, aliandika mwaka 1971 kwamba watu wa Afrika walikuwa na namna zao za kuishi na mbung'o na kuwadhibiti, na kwamba mizani hiyo ilivurugika. Helge Kjekshus naye mwaka 1977 alionyesha jinsi sotoka ya miaka ya 1890 ilivyofyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki. Ng'ombe wakifa, malisho yanageuka kichaka. Watu wakifa njaa, mashamba yanageuka pori. Pori likirudi, mbung'o anarudi. Wakoloni waliukuta mwisho wa hadithi, wakadhani ni mwanzo.

Unaweza kuniuliza malale inahusiana nini na mgongo wa Bibi. Inahusiana mara mbili. Kwanza, kwa wenyeji wa kanda ya ziwa, sindano ya mgongo haikuja kama huduma uliyoiomba. Ilikuja na serikali, na tume, na kuhamishwa, na dawa inayoua. Sitashangaa kama sehemu ya hofu ya leo imerithiwa kutoka huko.

Pili, malale yenyewe ina maumivu ya ajabu. Daktari Mfaransa, Jean Kérandel, aliugua malale akiwa Afrika ya Kati, na mwaka 1910 alichapisha maelezo ya ugonjwa wake mwenyewe. Akigonga mkono mahali, pigo dogo tu, kwanza hakusikia kitu. Baada ya muda kidogo maumivu yalikuja, makali kupita kiasi, hayalingani kabisa na pigo. Leo dalili hiyo inaitwa kwa jina lake. Mtu yeyote angemtazama angesema anaigiza: umegonga sasa hivi, mbona unalia baadaye? Lakini Kérandel alikuwa daktari, mwanaume, Mzungu, na mwandishi. Alipoandika kwamba inauma, ikawa dalili. Nilijiuliza ni wagonjwa wangapi wa Entebbe walisema kitu hicho hicho kabla yake, na nani aliandika.

Swali la nani anaaminiwa ndilo lililowapeleka watafiti kutafuta maumivu kwenye maji. Katika malale, maji yalikuwa na kitu cha kuonekana, kijidudu chenye mkia. Maumivu sugu hayana kijidudu. Basi watu wakaanza kutafuta kemikali.

Moja ilikuwa inajulikana tangu 1931, pale Ulf von Euler na John Gaddum walipotoa kwenye ubongo na utumbo wa farasi kitu walichokiita tu P. Ndiyo Dutu P. Baadaye ikaonekana kwamba mishipa inayobeba maumivu huitumia kupeleka ujumbe. Mwaka 1975 ikagunduliwa upande wa pili wa mizani, kwamba mwili unatengeneza dawa zake wa kujituliza, zinazofanana kazi na mofini. Sasa mantiki ikawa rahisi: kama kuna kemikali za kuumiza na kemikali za kutuliza, na zote zinavuja kwenye maji ya mgongo, basi tuyapime maji tujue nani anaumwa.

Mwaka 1978 kundi la watafiti wa Sweden lilichapisha matokeo yaliyozua msisimko. Walipima vitulizo vya asili kwenye maji ya mgongo ya wagonjwa wa maumivu sugu, wakiwagawa makundi mawili: wale ambao maumivu yao yalikuwa na chanzo cha mwili kinachoonekana, na wale ambao madaktari waliyaita ya kisaikolojia. Vipimo vikatofautiana. Wenye chanzo cha mwili walikuwa na vitulizo vichache zaidi.

Angalia kilichotokea hapo. Maji yaliyoletwa kumsaidia mgonjwa yakaanza kutumika kumpanga: huyu wa kweli, huyu wa kichwani. Siwalaumu watafiti, walikuwa wanatafuta tiba. Lakini mimi, mtu wa korido ya hospitali, naijua ile hamu. Nilikuwa nayo. Nilitaka mtu aniambie Bibi yuko kundi gani, ili nijue kama nitume hela ya vibarua au nisitume.

Halafu mambo yakaanza kukorogeka. Mwaka 1988 kundi moja la Norway lilipima maji ya wagonjwa wa faibromayalja, hali ya kuumwa mwili mzima kwa muda mrefu bila picha wala damu kuonyesha sababu, na wengi wanaoipata ni wanawake. Dutu P ilikuwa juu sana. Mwaka 1994 watafiti wa Texas, Marekani, wakapata jibu la aina hiyo hiyo: karibu mara tatu ya watu wasioumwa. Kwa watu waliozoea kuambiwa hamna kitu, hii ilikuwa habari kubwa. Lakini mwaka ule ule wa 1988, Wasweden walipima Dutu P kwa wagonjwa wao wa maumivu sugu ya aina nyingine, wakakuta iko chini kuliko kwa watu wazima wa afya. Kemikali moja, wagonjwa wote wanaumwa, huku imepanda, kule imeshuka.

Pigo kubwa likaja kwenye dawa. Kampuni zilitengeneza dawa za kuzuia Dutu P isifanye kazi. Kwa wanyama zilitia moyo. Kwa binadamu wenye maumivu zikashindwa, moja baada ya nyingine. Dawa moja ya kundi hilo iliidhinishwa Marekani mwaka 2003, lakini kwa kazi tofauti kabisa: kuzuia kutapika kwa wagonjwa wa saratani wanaopata dawa kali. Funzo lake lilikuwa wazi. Kukuta kitu kingi mahali maumivu yalipo hakumaanishi kwamba hicho ndicho maumivu. Moshi uko jikoni, lakini ukifukuza moshi chakula hakiivi.

Utafiti wa leo una unyenyekevu zaidi. Mwaka 2012 watafiti wa Stockholm walikuta ishara za uvimbe, protini ambazo seli za kinga hutumia kuitana, zimepanda kwenye maji ya wagonjwa wa faibromayalja. Mwaka 2017 wenzao wa Linköping walipima kwa mpigo mmoja protini 92 zinazohusiana na uvimbe, na wakaona mpangilio wake unatofautiana kati ya wagonjwa na watu wasioumwa. Wanachotafuta sasa ni umbo la kundi zima la protini, kama unavyomtambua mtu kwa mwendo wake akiwa bado mbali. Kazi bado ni ngumu. Huwezi kumtoboa mgongo mtu mzima wa afya kila wiki ili ulinganishe, kwa hiyo idadi ya washiriki huwa ndogo. Dawa anazomeza mgonjwa, usingizi aliokosa, huzuni aliyo nayo, vyote vinaweza kuingia kwenye maji pamoja na maumivu. Hakuna kipimo cha maji ya mgongo ambacho daktari wa Bariadi, wala wa Stockholm, anaweza kukiagiza leo kikamwambia mgonjwa huyu anaumwa kiasi gani.

Sitaki kuonekana napuuza kazi hii. Vipimo hivi vikikomaa vinaweza kutenganisha aina za maumivu, ili mwenye uvimbe apewe dawa ya uvimbe na mwenye mshipa ulioharibika apewe yake, badala ya wote kumezeshwa vidonge vile vile. Vinaweza kumsemea asiye na sauti, mtoto mchanga, mtu aliyepoteza fahamu. Hayo ni mambo makubwa. Wasiwasi wangu ni siku kipimo kitakapogeuka tiketi ya kuaminiwa.

Na malale inatupa mfano wa njia nyingine. Mwishoni mwa 2023 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilipitisha maoni ya kukubali feksinidazoli itumike kwa malale ya Afrika Mashariki, baada ya majaribio yaliyofanyika Malawi na Uganda. Ni vidonge vya siku 10, kwa hatua zote mbili za ugonjwa. Baada ya miaka 120 ya kuyauliza maji, umuhimu wa sindano unaanza kupungua katika ugonjwa ule ule ulioileta kwetu. Dawa nzuri imepunguza haja ya hakimu.

Wapenzi wa vitabu mtanisamehe kwa kuwazungusha kote huko. Elaine Scarry, katika kitabu chake cha 1985 kuhusu mwili na maumivu, anajenga hoja kwamba maumivu kwa mwenye nayo ni jambo la uhakika kuliko yote, na kwa anayesikiliza ni mfano wa shaka. Waswahili walishasema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Lakini nakumbuka pia kwamba mwaka 1975 Ronald Melzack wa Montreal aliamua kuyapima maumivu kwa maneno. Alipanga maneno 78 ambayo wagonjwa huyatumia, katika makundi 20, na dodoso lake linatumika mpaka leo. Na mwaka 2020 chama cha kimataifa cha utafiti wa maumivu kiliporekebisha maana ya maumivu iliyokuwepo tangu 1979, kiliongeza maelezo kwamba mtu akisema anaumwa, kauli yake iheshimiwe. Yaani wataalamu wenyewe, wakiwa na maabara zao zote, bado wanaanzia kwenye mdomo wa mgonjwa.

Sikukuu ya mwaka jana nilikwenda Mwamapalala. Tulikaa chini ya mwembe, yeye kwenye kigoda, mgongo ameuegemeza kwenye shina. Nikamweleza yote haya kwa Kisukuma changu cha kubahatisha: kwamba Ulaya kuna watu wanachukua maji ya mgongo, wanayapima, wanatafuta maumivu humo. Alisikiliza vizuri. Kisha akauliza, "Na wasipoyaona?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia badala yake kitu ambacho sikuwahi kumwambia, kwamba ule mwaka wa palizi hela nilikuwa nayo. Alinyamaza kidogo, akasema alijua. Simu ilikuwa imepokewa haraka, alisema, na mtu asiye na hela huwa hapokei simu ya kijijini haraka hivyo. Halafu akaniomba nimsaidie kuinuka, maana mgongo ulikuwa umeshakaza.

Siku hizi hela ya vibarua naituma kabla hajaomba, mvua za kwanza zikidondoka. Na Jumapili nikipiga simu, namuuliza leo unaumaje, nachukua daftari. Mpaka sasa nina maneno 23. La karibuni ni "unanong'ona". Nikamuuliza ndio kusemaje, akasema ni ule uchungu unaokuja kabla ya uchungu wenyewe, na kwamba mjukuu wangu, ukiusikia huo, unaacha jembe unarudi nyumbani.